Dodoso la Alfajiri

Bibi yangu alifariki mwezi wa tisa akaniachia pete moja ya dhahabu. Aliitoa mbele ya watu, akili zake zote zikiwa timamu, akasema, "Hii ya Khuyen, aanzie jambo lake." Hakuweka sharti lolote. Sharti aliliweka mama baada ya mazishi: jambo hilo liwe limeanza kabla ya tambiko la siku ya mia, la sivyo pete inauzwa, na kaka yangu Luc anapata mashine ya kusokotea majani ya chai.

"Nataka nione kwa macho yangu umeuza kitu," mama aliniambia. "Hata kimoja. Mpango wa kwenye daftari siuhesabu. Madaftari yako nimeyalipia miaka miwili, bado sijaona hata moja likitaga yai."

Kaka Luc si mtu mbaya. Ila siku hiyohiyo nilimwona bandani akipima kwa kamba mahali pa kuiweka mashine.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mjini Thai Nguyen, nasomea uendeshaji wa biashara, na nilizijua biashara zote isipokuwa ya kufanya. Nilikuwa na orodha ya tisa: chai ya barafu, wali wa kunata, tofu ya kukaanga, makava ya simu, fulana za kuchapisha, nguo za mitumba, ndala, maua ya siku ya wanawake, na kunakili vitabu, ambayo ni kosa la jinai lakini ina wateja wengi. Kila siku nilikuwa nabadilisha namba moja. Jumatatu maua yanaongoza, Alhamisi yako mkiani.

"Chagua hata kwa kufumba macho," alisema Thoan, ninayeishi naye chumba kimoja. Thoan hulala utadhani analipwa mshahara wa kulala, na ushauri wake wote huutoa akiwa amejifunika blanketi.

"Biashara haichaguliwi kwa kufumba macho. Inapimwa kwanza."

"Sasa si upime? Tangu mwezi wa tisa unapima. Hata fundi cherehani angeshashona."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Siku zilikuwa zimebaki ishirini na mbili. Nikakaa chini nikaandika dodoso. Mhadhiri wetu alikuwa ametuambia mara elfu kwamba asiyepima soko hupimwa na soko, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Maswali thelathini na sita, kurasa mbili, nakala arobaini. Na kwa kuwa vipindi vyetu vinaanza saa moja asubuhi, nikaamua kwenda sokoni saa kumi na moja alfajiri, wauzaji wanapopanga bidhaa na bado hawajabanwa na wateja.

Hapa ndipo lazima nijitukane mwenyewe kabla hujanitukana. Kwetu kila mtu anajua kwamba mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayeamua siku ya muuzaji itakwendaje. Akiwa na nyota nyepesi, akanunua haraka bila kuvutana bei, siku itateleza mpaka jioni. Akiwa na nyota nzito, akauliza, akashikashika, kisha akaenda zake mikono mitupu, basi siku imekufa, na muuzaji hana budi kuwasha karatasi na kuuzungusha moto juu ya bidhaa ili kuifukuza ile nuksi. Hilo nililijua tangu nina meno ya utoto. Mama yangu mwenyewe amechoma magazeti mangapi juu ya vikapu vya chai! Lakini niliona halinihusu. Mimi sikuwa mteja, nilikuwa mtafiti.

Juu ya hayo nilikuwa na msiba. Kifuani, upande wa kushoto, nilibandika kipande cha kitambaa cheusi kama afanyavyo kila aliyefiwa, na mtu mwenye kitambaa hicho hata sikukuu ya mwaka mpya hatangulii kuingia nyumba ya mtu. Mimi nilikwenda nacho sokoni gizagiza, wa kwanza kabisa, mkononi maswali thelathini na sita.

Nilianza na mama wa wali wa kunata.

"Shangazi, shikamoo. Kwa siku unauza vifurushi vingapi?"

"Unataka vingapi?"

"Sitaki. Nauliza tu."

Mwiko wake ukasimama hewani. "Hutaki?"

"Nataka takwimu."

"Takwimu leo hatujapika," alisema, akaanza kupapasa mfuko wa aproni akitafuta kiberiti.

Muuza ndala aliniuliza nimetumwa na nani. Muuza makava ya simu alijibu maswali mawili, akaona kitambaa changu cheusi, akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Nyuma yangu, kila nilipopita, nilisikia harufu ya karatasi inayoungua. Sikugeuka. Niliandika kwenye daftari langu: wahojiwa hawana utamaduni wa kutoa taarifa.

Siku ya tatu nilikuwa nimeshapata jina. "Wa karatasi huyo! Wa karatasi anakuja!" Mama mmoja wa samaki aliinamisha kichwa akajifanya amelala, naye alikuwa amesimama. Wengine walifunika bidhaa kwa turubai, soko zima likawa limefungwa saa kumi na moja na robo kwa ajili ya mtu mmoja. Muuza ndizi yeye hakufunika kitu. Alinifuata katikati ya njia akanitia noti ya elfu mbili mkononi.

"Shika. Sasa nipe."

"Nikupe nini?"

"Hiyohiyo elfu mbili, nipe!" Nikampa. Akanitia ndizi mbili kifuani. "Haya, umenunua! Hukuvuta bei, Mungu akubariki. Sasa niondokee hapa."

Nilizila njiani nikiwa na hasira. Zilikuwa nzuri.

Mtu mmoja tu pale sokoni alinipokea kwa furaha. Huyo ni shangazi Loc, shangazi wa kuitwa tu kwa heshima, mwanamke mnene wa kicheko, anayeuza tambi kwa tofu na kitoweo cha uduvi katika banda la kona. Siku ya kwanza alinizuia mlangoni kwa mikono miwili. Siku ya pili alinitazama nikihangaika, akafikiri. Siku ya tatu aliniita kwa mbali, asiniruhusu kusogea.

"We msomi! Umeshakwenda kwa Toai, yule pale ng'ambo, wa tofu?"

"Bado, shangazi."

"Kha! Unahangaika na nini huku? Nenda kwa Toai. Ana majibu yule, mpaka yanamwagika. Muulize yote, usimbakizie. Ukimaliza njoo ule tambi, bure."

Nilitaka kumkumbatia. Nikaenda kwa mjomba Toai, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye aproni ya plastiki na mikono iliyochakazwa na maji ya moto. Alikuwa anatoa tofu, ile jibini ya maharage ya soya, kwenye fremu za mbao. Alinitazama usoni, akatazama kitambaa cheusi kifuani, akafuta kigoda kwa kiganja.

"Kaa, binti. Uliza."

Niliuliza yote thelathini na sita. Maharage kilo ngapi. Anayaloweka saa ngapi. Kuni au gesi. Anauza vipande vingapi, vinabaki vingapi, maziwa ya soya yanayozidi anayafanyaje. Alijibu polepole, mengine akihesabu kwa vidole, mengine akisema, "Hilo sijawahi kulifikiria, ngoja nilifikirie." Nilipofika swali la kumi na tisa, changamoto yako kubwa ni ipi, aliweka fremu chini kwanza.

"Asubuhi," alisema. "Asubuhi zina mambo."

Mwishoni aliniuliza kama naweza kumwachia nakala ya dodoso. Moyo wangu ulijaa. Mtu mzima, mfanyabiashara, anataka kusoma kazi yangu! Nilimwachia mbili. Kesho yake nilirudi na maswali ya nyongeza, na kesho kutwa yake pia, na kila mara aliniomba nakala. Kila mara, nikitoka kwake, shangazi Loc aliniwekea bakuli la tambi linalofuka moshi, tofu juu mpaka ukingoni, akanisifu akili.

Siku ya tano aliketi mbele yangu nikila.

"Khuyen mwanangu, wewe unatafuta biashara, siyo?"

"Naam, shangazi."

"Unayo tayari. Huioni tu." Akainama, akapunguza sauti. "Tangu uanze kumfungulia asubuhi yule Toai, unajua ameuza nini? Hewa! Jana saa tatu alikuwa amekaa anajipepea, na baridi hii. Mwezi uliopita kaanza kukaanga tofu na kuweka tambi, akaninyang'anya wateja, mimi niliyekuwa hapa kabla yeye hajajua maharage. Sasa wote wamerudi kwangu. Wewe una nyota nzito, mwanangu. Sijawahi kuona nyota nzito namna hiyo, na nimekaa soko hili miaka ishirini na sita."

Niliweka vijiti mezani.

"Usikasirike, ni kipaji. Kila alfajiri uende kwake kwanza. Muulize, shikashika, ondoka. Mimi nitakulisha kila siku, na mwisho wa mwezi nakupa mshahara. Na si mimi peke yangu. Wa ndala yuko tayari, ana ugomvi na mwenzake. Wa samaki pia. Utachagua wateja wewe mwenyewe."

Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Kwa kuwa nataka usinihesabu kuwa malaika, nakwambia nilichofikiri kwanza: mtaji sifuri. Vifaa, karatasi na kalamu, ninavyo. Mshindani hakuna. Mahitaji yapo sokoni na yamethibitishwa na utafiti. Katika orodha yangu yote ya tisa hakuna iliyokuwa na sifa hizo.

Thoan nilipomweleza alitoa kichwa nje ya blanketi, jambo la nadra.

"Yaani watu wakulipe kwa kuwa nuksi?"

"Kwa huduma ya ushindani."

"Mama yako akija atauliza unauza nini. Utamwambia mkosi, kwa rejareja na kwa jumla?"

"Mama alisema kitu. Hakusema kitu gani."

Thoan akajifunika. "Mimi nalala," alisema. "Lakini bibi yako namwonea huruma."

Siku zilikuwa zimebaki kumi na saba. Kesho yake alfajiri nilikwenda kwa mjomba Toai, na safari hii sikwenda kama mtafiti. Nilikwenda najua. Shangazi Loc alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, ananipungia. Mjomba Toai alifuta kigoda. Nikamuuliza kumi, maswali ya ovyo niliyoyatunga njiani, mojawapo likiwa kama maharage yana majira ya huzuni. Alilifikiria hata hilo. Alisema ya mwezi wa pili huwa makavu. Sikuweza kumtazama machoni. Nikachomoa nakala kabla hajaomba, nikaiweka mezani, nikaondoka karibu nikikimbia.

Nilifika kona nikagundua nimesahau kalamu. Nikarudi.

Mjomba Toai alikuwa amegeukia ukuta. Dodoso langu lilikuwa mkononi mwake, linawaka. Alikuwa ameliviringa vizuri, ukurasa wa kwanza nje, na analizungusha juu ya tofu polepole, mara saba, kisha mbele ya kizingiti. Mdomo wake ulikuwa unanong'ona, "Nyepesi ije, nzito iende." Pembeni, chini ya jiwe la kukandamizia fremu, kulikuwa na nakala zangu nyingine, zimepangwa nadhifu, zinasubiri zamu.

Nilisikia aibu, na hasira, na nilitaka kucheka, vyote kwa wakati mmoja. Aliponiona alishtuka akaungua kidole.

"Lo! Binti, nisamehe. Nilidhani umeshapinda kona."

"Ndivyo unavyoifanyia kazi yangu?"

"Karatasi yako inawaka vizuri," alisema kwa unyenyekevu. "Gazeti linatoa moshi mwingi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nasubiri uondoke kwanza, nisikuvunje moyo."

Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mjomba, kama unajua mimi nuksi, mbona hukunifukuza? Soko zima limenifukuza. Mbona umejibu maswali yote?"

Alikitia kidole chake kwenye maji. "Una msiba. Mtu mwenye msiba akija mlangoni utamfukuzaje? Nikasema nitamjibu, kisha nitajisafisha, mambo yaishe. Na siku ya kwanza ulinitendea jema. Uliniuliza maziwa yanayozidi nayafanyaje. Miaka kumi na minane namwaga ndoo nzima kila asubuhi, sijawahi kuulizwa wala kujiuliza. Tangu siku hiyo nikiyamwaga roho inaniuma. Umeniharibia raha ya kumwaga."

Nikalia pale pale, kwa sauti. Nikamweleza yote, kuhusu shangazi Loc na mabakuli ya tambi na mshahara. Nilitegemea anitoe kwa mwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Loc," alisema. "Angeniambia tu nisikaange. Mimi mwenyewe kukaanga sikupendi, mafuta yananirukia." Akafunika tofu kwa kitambaa cha maji. "Na wewe, una siku ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na hayo maswali, umebakiza mengine?"

"Hapana."

"Basi chukua ndoo."

Ilikuwa hivyo tu. Miezi mitatu ya kuchagua, na biashara yangu ikachaguliwa na mtu aliyechoka kumwaga. Shangazi Loc nilimwendea siku hiyohiyo kumwambia sitaki kazi yake. Alinuna, akaniita mpumbavu mwenye kipaji, lakini aliposikia Toai anaacha kukaanga alinisindikiza na mfuko wa tambi. Siku zilizofuata nilijifunza kuchemsha maziwa yasiungue chini, kuyatia majani ya rampe yanukie, kupima sukari. Nililipia kibali cha kusimama nje ya lango la mabweni. Kisha nikampigia mama.

"Nimechagua."

"Nini?"

"Maziwa ya soya. Ya moto, asubuhi, langoni chuoni."

Nilisikia kuku wa kwetu wakigombana.

"Umesoma miaka miwili ili uuze maji ya maharage?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali. Nilihofia utasema ushauri." Akakohoa. "Nitakuja siku ya tisini na tisa. Tafuta mtu mwenye nyota nyepesi akufungulie. Mimi nitasimama mbali, unajua hali yangu."

Mtu mwenyewe alikuwa Thoan. Soko zima lilikuwa linamjua: akinunua kifurushi cha wali, wali unakwisha kabla ya saa mbili. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba saa kumi na mbili kamili atakuwa mbele ya sufuria yangu, pesa mkononi, na hatavuta bei.

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa langoni. Baridi ilikuwa inakata masikio. Sufuria inatoa mvuke, vikombe vimepangwa, Thoan hayupo. Simu yake imezimwa. Ng'ambo ya barabara, chini ya nguzo ya taa, alisimama mama yangu, koti la mvua juu ya sweta, kitambaa cheusi kifuani kikubwa kuliko changu. Alikuwa ameamka saa nane usiku kuwahi basi. Nilimpungia aje. Akanionyesha kwa mkono: tulia hapo hapo.

Wanafunzi wakaanza kupita. Walinitazama, wakaitazama sufuria, wakapita. Mmoja mwenye miwani alisimama.

"Dada, bei gani?"

"Elfu nane."

"Ina sukari?"

"Kidogo."

"Maharage ya hapa au ya kuletwa?"

"Usimjibu kama hanunui!" mama alipiga kelele kutoka ng'ambo, pikipiki mbili kati yetu. "We kijana! Nunua au pita!"

Kijana akapita. Na mimi, msomi, mtafiti, niliyedharau mambo ya nyota, nilijikuta nina kiberiti mkononi na sijui nimekitoa wapi. Nikakirudisha mfukoni, nimejionea haya.

Saa kumi na mbili na nusu. Hakuna kikombe hata kimoja. Utando umeganda juu ya maziwa. Kesho siku ya mia, na Luc alikuwa ameshapiga simu jana kuuliza, kwa upole, kama mashine inayotumia umeme ni bora kuliko ya dizeli. Nikamtazama mama pale chini ya taa. Alikuwa anajipiga mikono kwa baridi, anakanyagakanyaga chini, wala hasogei hata hatua moja. Ndipo nikakumbuka jambo aliloniambia shangazi yangu wa kijijini nikalisikia nusunusu: kwamba tangu mazishi mama haendi sokoni mpaka saa nne, awaache wengine watangulie. Kwamba kwenye harusi ya jirani alikaa nje ya uzio mpaka bibi harusi alipopita. Yeye ndiye aliyemwosha bibi kwa mikono yake miezi sita, na malipo yake yalikuwa kusimama mbali na milango ya watu.

Nikachota kikombe, nikajaza mpaka juu, nikavuka barabara.

"Rudi!" mama alisema. "Umeacha sufuria! Khuyen, rudi, usinisogelee, hujauza bado!"

"Ndiyo nakuja kuuza."

"Kwa nani?"

"Kwako. Nifungulie biashara, mama."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo. "Una wazimu? Nina msiba! Nikufungulie mimi, halafu upate hasara mwaka mzima useme mama yako?"

"Na mimi nina msiba. Sote wawili tumefiwa na mtu mmoja. Nani mwingine wa kunifungulia zaidi yako?"

"Subiri yule rafiki yako."

"Rafiki yangu amelala. Mama, shika, yanapoa."

Watu walikuwa wameanza kusimama kutazama. Mwanamke mmoja juu ya baiskeli alisema, "Mchukulie mama, mtoto anatetemeka," na mwingine akamjibu hapana, mwenye msiba hafungui, na wakaanza kubishana wao wenyewe. Mama alikitazama kile kikombe. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Siku tisini na tisa," alisema polepole, "hakuna mtu aliyeniita niwe wa kwanza kwa lolote."

"Mimi nakuita."

Akanyoosha mkono. Akauvuta nyuma. Kisha, nadhani kwa mazoea tu ya miaka thelathini ya sokoni, mdomo ukamtangulia.

"Bei gani?"

"Elfu nane."

"Elfu nane! Maji ya maharage! Elfu tano."

Tukatazamana. Mteja wa kwanza, ana msiba, na anavuta bei. Hakuna nuksi iliyobaki ambayo hatukuialika. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, na mimi nikaanza kucheka, naye akaanza, tukacheka mpaka maziwa yakamwagika kwenye viatu vyake, na nilipomtazama tena alikuwa analia.

Akanihesabia elfu nane kamili. Akanywa nusu, macho amefumba, akanipa nusu iliyobaki. "Imalize wewe, hujala," alisema. "Na kesho punguza rampe." Alifungua fundo la leso kwa meno, akatoa pete ya bibi, akanivisha hapo hapo barabarani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi sana, na hakuniachia mkono upesi.

"Nenda sasa," alisema. "Una wateja."

Wale wanawake wawili walikuwa wameshafika kwenye sufuria, bado wanabishana, kila mmoja na kikombe mkononi. Nikamshika mama mkono nikavuka naye.